Barua 1,267 kwa mwaka mmoja: posta ya Thomas Jefferson baada ya urais

Juni 1822 Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alikuwa na miaka 79 na alikuwa ameondoka madarakani miaka 13 nyuma. Akiwa nyumbani kwake Monticello, juu ya kilima huko Virginia, alimwandikia rais mwenzake mstaafu, John Adams, kwamba alifungua daftari lake la barua akaingiwa na hamu ya kuhesabu zilizomfikia katika mwaka mmoja. Aliuchagua mwaka 1820 na kukuta barua 1,267. Nyingi zilidai majibu ya utafiti, na zote zilistahili kujibiwa kwa adabu. Haya ndiyo maisha, aliuliza? Akayaita maisha ya farasi wa kinu, anayezunguka bila kuona mwisho isipokuwa kifo. Msomaji wa pwani atamkumbuka ngamia wa kinu cha mafuta. Kisha Jefferson akaongeza kwamba ukiyapima maisha hayo na ya kabichi, kabichi iko peponi.

Hesabu hiyo, barua tatu na ushei kila siku ya mwaka, hutajwa sana na wanaomwandika Jefferson, na kwa kawaida huishia kwenye kicheko: mzee maarufu kachoshwa na mashabiki. Mimi naona inaficha mambo mawili. Kwanza, wingi ule haukuletwa na umaarufu peke yake. Ulitokana na sheria, ada za posta na desturi za wakati ule. Pili, barua zilizomwelemea hasa hazikuwa za wale mamia ya wageni aliowalalamikia. Zilikuwa chache, na nyingi zilitoka kwa watu aliowajua vizuri.

Tuanze na pesa. Wakati huo hapakuwa na stempu wala bahasha kama tunazozijua. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa nta, anwani ikaandikwa mgongoni. Ada kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, na ilipigwa kwa umbali na idadi ya karatasi. Kwa viwango vya mwaka 1816, karatasi moja isiyovuka maili 30 ilitozwa senti 6. Iliyovuka maili 400, senti 25. Ukiongeza karatasi ya pili, ada inakuwa mara mbili. Kwa mtu wa kawaida hizo hazikuwa pesa za kuchezea, na aliyeletewa barua asiyoitaka aliweza kuikataa pale pale posta. Ada ilikuwa chujio: ulifikiri mara mbili kabla ya kumbebesha mwenzako gharama ya maneno yako.

Jefferson aliondolewa chujio hilo kwa nia njema. Mwaka 1809, alipomaliza muhula wake wa pili, Bunge la Marekani lilimpa msamaha wa ada ya posta wa maisha, kama lilivyowafanyia George Washington na John Adams kabla yake. Ikawa kumwandikia Jefferson ni kupoteza karatasi na wino tu. Mwandishi halipi, mpokeaji halipi. Heshima aliyopewa iligeuka mlango usio na komeo.

Na nyuma ya mlango huo hapakuwa na mtu mwingine. Rais mstaafu wa wakati ule hakuwa na pensheni, ofisi wala karani wa serikali. Sheria ya kuwapa marais wastaafu wa Marekani malipo na watumishi wa ofisi ilikuja mwaka 1958. Kwa macho ya sheria Jefferson alikuwa mkulima wa Virginia mwenye madeni. Kwa macho ya wananchi alikuwa bado taasisi, mahali pa kupeleka shida, ushauri, kitabu kipya au matusi. Pengo kati ya hayo mawili lilizibwa na mkono wake mwenyewe, na mkono huo ulikuwa mbovu. Mwaka 1786, akiwa balozi Paris, aliumia kifundo cha mkono wa kulia na hakikupona vizuri. Novemba 1822, miezi michache baada ya barua ile ya kabichi, alianguka kwenye ngazi za nyumbani akavunjika mkono wa kushoto.

Kwa nini basi asizitupe motoni? Hapo ndipo desturi inapoingia. Januari 1817 alimweleza Adams kwamba tangu jua linapochomoza hadi saa saba au saa nane mchana, na mara nyingi tena baada ya chakula hadi giza, yuko mezani anajibu barua zisizomhusu, za watu ambao hajawahi hata kuyasikia majina yao. Lakini wameandika kwa adabu, alisema, na ni vigumu kumnyima jibu la adabu mtu aliyekuandikia kwa adabu. Mungwana wa Virginia hakuacha salamu bila kuitikia. Adams, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali, alimjibu kwamba yeye alikuwa na dawa: alitoa majibu mafupi, ya ukali, yasiyoeleweka, ya mafumbo au ya kujionyesha msomi, watu wakamwacha. Dawa hiyo haikufai wewe, akaongeza, kwa kuwa si tabia yako.

Utaratibu wa mezani pale Monticello unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bila huo tusingejua lolote. Barua ikifika, Jefferson aliandika mgongoni mwake jina la mwandishi, tarehe iliyoandikwa na tarehe iliyopokelewa. Kisha akaiingiza kwenye daftari lake, safu moja ya alizoandika na safu nyingine ya alizopokea. Daftari hilo alilianza Novemba 1783 na hakuliacha hadi Juni 1826, siku chache kabla ya kufa. Lina kurasa 656. Barua nyingi zilizotajwa humo zimepotea, na mstari mmoja wa daftari ndio kaburi lao: jina, mahali, tarehe, basi.

Majibu aliyaandika kwa mashine iliyoitwa poligrafu, iliyobuniwa na John Isaac Hawkins, na ambayo haki yake ya Marekani ilishikwa na mchoraji Charles Willson Peale wa Philadelphia. Ni sanduku la mbao lenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa mikono myembamba ya vyuma na viungo. Ukishika kalamu moja na kuandika, ya pili inafuata kila mpindo kwenye karatasi ya pembeni. Jefferson aliitumia tangu 1804 na kuisifu kuwa uvumbuzi bora kabisa wa zama zake, japo ilihitaji kurekebishwa mara kwa mara. Nakala haikuwa anasa. Siku zile barua ya mtu mkubwa haikuwa mali ya watu wawili. Ilisomwa kwa sauti, ikapitishwa mkono kwa mkono, na ikiwa na chumvi kidogo iliishia gazetini. Mara nyingi Jefferson aliomba alichoandika kisichapishwe. Asiyekuwa na nakala ya maneno yake angejiteteaje?

Waandishi wenyewe walikuwa wa kila namna. Kundi lililojulikana mapema ni la waomba kazi. Aliyempokea urais, James Madison, alikuwa rafiki yake wa damu, na baada ya Madison akaja James Monroe, rafiki mwingine na jirani. Kila mwenye mtoto au mpwa asiye na ajira aliona njia ya mkato inapita Monticello. Jefferson aliliona hilo likija. Mwaka ule ule wa 1809 alichapisha waraka wa jibu moja kwa wote, akieleza kwamba akianza kumsumbua rais kwa maombi ya watu, urafiki wao utakufa. Lilikuwa jambo geni kwake, mtu wa kujibu kila mmoja kwa hati ya mkono, na linaonyesha jinsi alivyoyaogopa maombi hayo.

Wengine walituma vitabu wakitaka neno la sifa. Wengine walitaka kujua imani yake ya dini, au kumwongoa kabla hajafa. Mwaka 1819 daktari asiyemjua, Vine Utley, alimwomba maelezo ya mazoea ya mwili wake. Mzee akayatoa yote: nyama anakula kidogo, kama kitoweo cha mboga, kila asubuhi kwa miaka 60 anaosha miguu kwa maji baridi, awahi kulala au achelewe, huamka na jua. Katikati ya maelezo hayo kaingiza kwamba mapenzi yake ya kusoma yanamfanya aichukie kazi ya kuandika barua, na kwamba kifundo kigumu kinaifanya iwe ya polepole na ya maumivu. Yaani alilalamika juu ya kuandika barua ndani ya barua ndefu kwa mtu asiyemfahamu. Ukisoma nyingi za namna hii unaanza kushuku kwamba malalamiko nayo yalikuwa sehemu ya raha.

Mwaka 1825 mzazi mmoja aliyempa mwanawe jina la Thomas Jefferson aliomba maneno ya kumwachia mtoto. Jefferson aliandika kwamba barua hiyo itamfikia kama imetoka kwa maiti, kwa kuwa mwandishi atakuwa kaburini kabla msomaji hajaweza kuupima ushauri wake. Akaambatisha kanuni kumi za maisha. Mojawapo: ukikasirika, hesabu hadi kumi kabla ya kusema, ukikasirika sana, hadi mia.

Barua za Adams hazimo kwenye fungu la karaha. Wawili hawa walikuwa pamoja katika kudai uhuru, wakageuka mahasimu, na baada ya uchaguzi wa 1800 urafiki ukavunjika. Aliyewapatanisha ni daktari Benjamin Rush, na Adams ndiye aliyeanza, tarehe 1 Januari 1812. Alimwandikia Jefferson kwamba anamtumia vipande viwili vya nguo iliyofumwa nyumbani. Ulikuwa utani: vilikuwa vitabu viwili vya mihadhara ya mwanawe, John Quincy Adams. Kifurushi kikachelewa, barua ikatangulia, na Jefferson, kwa uungwana wake wote, akajibu kwa maelezo ya kina juu ya usokotaji na ufumaji wa nguo katika nyumba za Virginia. Kutoka hapo hadi 1826 waliandikiana barua 158, Adams 109 na Jefferson 49. Adams alisema mwaka 1813 kwamba wao wawili hawapaswi kufa kabla hawajaelezana. Mkewe Abigail alipofariki Oktoba 1818, Jefferson, mjane wa miaka mingi, alimwandikia kwamba kwa msiba wa aina hiyo dawa ni muda na kimya tu.

Kilichoupima upatanisho huo kilikuwa barua nyingine, za zamani. Mwaka 1823 zilichapishwa barua alizoandika Adams miaka ya chuki kwa jamaa yake William Cunningham, zimejaa maneno makali juu ya Jefferson. Aliyetajwa vibaya aliwahi kuandika kabla mwenye kosa hajapata la kusema: ingekuwa ajabu, kwa umri wetu, turudi nyuma zama nzima kutafuta mambo ya kubuni au yaliyosahauliwa ili tuvuruge mapenzi yanayotupa utamu jioni ya maisha yetu. Adams alimsimulia ilivyopokewa. Familia iko kwenye kifungua kinywa, furushi la posta linaletwa, yeye macho hayaoni tena kusoma. Akamwambia mmoja wa mabinti afungue. Barua ya Bwana Jefferson na magazeti mawili matatu. Isome, akasema, baina yetu hakuna siri. Ilipokwisha, meza nzima ikapaza sauti kwamba ni barua bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa.

Sasa twende kwenye zile ambazo kifundo cha mkono si kisingizio. Julai 1814 aliandikiwa na Edward Coles, kijana wa miaka 27, jirani wa wilaya moja, katibu wa Rais Madison, naye mwenyewe amerithi watumwa. Coles alimwomba Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru wa Marekani, atumie jina na hekima yake kuandaa mpango wa kuwakomboa watumwa wa Virginia hatua kwa hatua. Alisema wazi kwamba yeye hataishi na watumwa, na anafikiria kuhama.

Jibu la tarehe 25 Agosti lilianza kwa kukubali kila kitu. Utumwa ni aibu, ukombozi utakuja, saa inasogea. Kisha likageuka. Kunitaka mimi niliongoze hili, alisema, ni kumwambia mzee Priam, mfalme wa Troya katika hadithi za Wagiriki, avae silaha za mwanawe shujaa, Hector. Shughuli hii ni ya vijana, wanaoweza kuifuatilia hadi mwisho. Itapata dua zangu zote, na dua ndizo silaha pekee za mzee. Akamsihi Coles asihame, abaki, awalishe na kuwavika vizuri wale ambao bahati imewaweka mikononi mwake, awakinge na mateso.

Coles alijibu Septemba kwa heshima, lakini hakumeza. Umri sikuuona kuwa kikwazo, aliandika. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa, alikuwa akichapa kazi nzito akiwa amekupita kwa miaka. Naye alikuwa na hoja. Jefferson wa 1814 alikuwa na miaka 71. Katika miaka 11 iliyofuata aliasisi Chuo Kikuu cha Virginia, akapigania fedha zake bungeni, akachora majengo, akapanga masomo na kutafuta walimu hadi kilipofunguliwa 1825. Nguvu alikuwa nazo. Alichagua pa kuzipeleka. Mwaka 1819 Coles alishuka Mto Ohio na watumwa wake, akawatangazia uhuru wao humo njiani, na baadaye akawapa wakuu wa familia ardhi huko Illinois. Mwaka 1822 alichaguliwa gavana wa jimbo hilo, na mwaka 1824 wapiga kura walikataa mpango wa kubadili katiba uliofungua njia ya utumwa, mpango ambao yeye alikuwa mstari wa mbele kuupinga.

Katika posta ile ile zilikuwamo barua za watu wanaozungumziwa. Novemba 1818 Hannah, mtumwa katika shamba lake la pili, Poplar Forest, alimwandikia kumjulisha kwamba nyumba na fanicha viko salama, na kwamba amesikitika kusikia bwana anaumwa kiasi cha kushindwa kuja. Barua za watumwa kwa Jefferson zilizobaki ni chache mno. John Hemmings, fundi seremala hodari naye mtumwa, alimwandikia mara kadhaa kutoka shambani humo juu ya mbao, paa na maendeleo ya kazi: barua za fundi kwa mwenye nyumba, fupi na zenye vipimo. Ukizisoma kando ya jibu kwa Coles, ile kauli kwamba suala hili ni la kizazi kijacho inapata sura za watu.

Na zilikuwapo za fedha. Mwaka 1818 Jefferson aliweka saini ya kumdhamini rafiki yake na aliyekuwa gavana wa Virginia, Wilson Cary Nicholas, kwa mikopo ya dola 20,000. Nicholas alikuwa pia mkwe, maana bintiye aliolewa na mjukuu wa Jefferson. Agosti 1819 ikaja barua yake kwamba amefilisika. Deni lote likamwangukia mdhamini, na riba yake pekee ilikuwa dola 1,200 kwa mwaka. Barua hiyo ni moja tu katika hesabu ya mwaka ule, sawa na ya anayeuliza unakula nini asubuhi. Jefferson alipofariki madeni yake yalipita dola 100,000. Januari 1827 watumwa wapatao 130 wa Monticello walinadiwa. Wosia uliwaacha huru watu watano, John Hemmings akiwa mmoja wao.

Mwaliko wa mwisho maarufu ulitoka kwa Roger Weightman, meya wa Washington, kwa sherehe ya miaka 50 ya uhuru. Jefferson alijibu tarehe 24 Juni 1826 kwamba ugonjwa unamzuia, kwa maneno mazito juu ya haki za binadamu ambayo aliyasahihisha kwa uangalifu, akijua kabisa yataenda gazetini. Watu hupenda kuiita barua yake ya mwisho. Siku iliyofuata aliandika tena, kuhusu ushuru wa mvinyo ulioletwa kutoka Ufaransa. Alifariki tarehe 4 Julai, siku moja na Adams.

Makaratasi yalimwendea mjukuu wake, Thomas Jefferson Randolph, aliyetoa juzuu nne mwaka 1829. Serikali ilinunua sehemu ya nyaraka hizo mwaka 1848 kwa dola 20,000. Nyingine za binafsi zilifika Massachusetts mwaka 1898. Wachapishaji wa karne ya 19 walitoa hasa alichoandika Jefferson, si alichoandikiwa, kwa hiyo vizazi vya wasomaji vilisikia upande mmoja wa mazungumzo: mzee anajibu, huoni anamjibu nani wala aliombwa nini hasa. Toleo kubwa la Chuo Kikuu cha Princeton, lililoanza 1950, ndilo lililoanza kuweka pande zote mbili pamoja, na mfululizo wake wa miaka ya kustaafu, unaohaririwa Monticello kwenyewe, umekuwa ukitoka tangu 2004. Humo barua ya Coles iko mahali pake kwa tarehe, na jibu la dua linafuata kurasa kadhaa baadaye.